Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Fundi wa pampu hakukubali kupanda gari ambalo pampu yake ya mafuta hakuifunga yeye. Ungemkuta stendi ya Kasulu ameketi juu ya begi lake la turubai, mabasi mawili yameshaondoka yakiwa na nafasi, yeye anasubiri la tatu kwa sababu la tatu alilipimia nozeli za kupulizia mafuta mwenyewe. Ukimuuliza, atakwambia hana haraka. Wasiomjua walidhani hana nauli. Sisi madereva tulimjua na tulimcheka, lakini kilikuwa kicheko cha mdomoni tu, maana kila mmoja wetu alikuwa anajiuliza kimoyomoyo kama gari lake limo katika yale anayokubali kuyapanda.

Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, kibanda cha mabati chenye meza moja ndefu. Gereji nyingine za Kasulu zina vumbi jekundu mpaka kwenye kikombe cha chai. Yake ilifagiliwa na kumwagiwa maji asubuhi na mchana, na ukiingia na viatu vya tope alikuwa anaviangalia tu, hasemi kitu, mpaka unatoka mwenyewe kuvikung'uta. Alivaa koti la suti juu ya ovaroli. Alikuwa mpole kiasi cha kukera. Mtu akija amefura kwa kuharibikiwa njiani, yeye anamjibu "mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, hata kama ni saa kumi jioni, kisha anamvutia kiti. Kufikia hapo hasira za mtu zinakosa pa kushika.

Kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kiliishia katikati. Alipokuwa bado anajifunza kazi alisikia bomba la mafuta linavuja injini ikiwa inanguruma, akapeleka kidole kutafuta tundu. Mafuta yakaingia. Hakukuwa na damu, palikuwa na doa tu, dogo kama la sindano. Akajifuta, akaenda kula. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi begani, na madaktari walipokata kidole walimwambia ashukuru wamekiacha kiganja. Kisa hiki alikisimulia bila kujionea huruma, na kila dereva mpya alikisikia siku ya kwanza, pamoja na onyesho lake. Alikuwa anafunga nozeli kwenye mashine yake ya mkono, anasogeza mbele yake kipande cha boksi, anabonyeza mpini mara moja. Boksi linatoboka. "Haya ndiyo uliyoyakalia," anasema, halafu anakukaribisha chai.

Mimi nilioneshwa boksi hilo mwaka 2012, nilipokabidhiwa lori la tajiri wangu, mfanyabiashara wa maharage na mbao hapo Kasulu. Halikuwa lori la kawaida. Tajiri alinunua injini ya basi lililopinduka, akaifunga kwenye lori lake la zamani, halafu akaongeza tabo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, iliyotoka kwenye gari jingine tena. Injini iko chini ya viti. Dereva na abiria wa mbele mnakalia moto, na katikati yenu na huo moto kuna bati na sponji.

"Injini hii na tabo hii hazikuzaliwa pamoja," fundi aliniambia. "Presha aliyoiandika mwenye kiwanda haikuhusu tena. Sasa hakuna aliyeandika. Itabidi tuitafute."

Tukaitafuta siku nzima. Alifunga geji kwenye pampu, mimi nikakanyaga mafuta, yeye akakaza skrubu ya pembeni kidogo sana, kisha tukapanda mlima na mzigo, tukarudi, akaangalia rangi ya moshi na masizi, akapima tena. Nilichoka nikaanza kununa. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anachangamka. Mwishowe akachora mstari wa wino mwekundu kwenye kioo cha geji. "Mshale ukiishia hapa, gari linarudi nyumbani," akasema. "Ukivuka hapa, linavuta vizuri sana." Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka chakula alichokatazwa na daktari, na mimi nikadhani ni mzaha.

Nilipotaka kuondoka akanizuia.

"Nenda nyumbani, kaniletee rangi ya kucha ya shemeji."

"Fundi, nini tena?"

"Usinunue dukani. Nataka ya kwake, anayopaka yeye."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Skrubu ya presha hufungwa kwa nati, na nati yoyote mwenye spana anaweza kuifungua. Kwa hiyo akishaikaza alikuwa anapaka rangi ya kucha juu yake, inashika nati na pampu pamoja. Ikizungushwa hata kidogo, rangi inapasuka na dereva anaona. Na ilikuwa lazima rangi itoke nyumbani kwa dereva. "Anayetaka kuifungua," alikuwa anasema, "aikwangue kwanza kucha ya mke wa mtu." Mke wangu, Mama Edita, alitoa ile nyekundu iliyoiva, damu ya mzee, akicheka mpaka machozi. Chupa zenyewe zilibaki gereji kwenye rafu, kila moja na plasta yenye jina la mwanamke aliyeitoa, na madereva walipaita pale saluni. Dereva mmoja wa Kibondo alipeleka rangi ya mwanamke mwingine. Mke wake akapita gereji siku moja, akasoma zile plasta, asiione yake. Bwana yule alilala kwenye lori wiki hiyo yote, na fundi aliposimuliwa alisema kwa upole kwamba kosa la mtu huyo ni la kiufundi.

Mama Edita alimpenda fundi. Krismasi alikuwa anakuja kula kwetu, na hakuweza kukaa mpaka alishikeshike kwanza jiko letu la mafuta ya taa, lile la kupampu. Analizima, analitoa hewa, analipampu upya kwa kipimo chake. "Shemeji, umelijaza mno," analalamika, na mke wangu anamjibu kwamba wali wa presha yake utaiva Pasaka. Edita akiwa anajifunza kutembea alikuwa akimshika hicho kidole kifupi na kuzunguka naye uani, na yeye anainama kabisa, koti la suti linaburuta, haoni taabu.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa na pikipiki isiyo na breki. Alisimama kwa kuburuta kandambili chini. Tulimwambia, akasema yeye yuko peke yake juu yake. Na kulikuwa na jambo jingine lililonishinda kulielewa. Lori la mtu aliyeongeza presha ya pampu kupita kiasi likipita barabarani, moshi mweusi, mngurumo unatikisa mabati ya soko, fundi aliacha kila kitu akatoka mlangoni. Alilisindikiza kwa masikio mpaka lilipomaliza mlima. "Sikiliza," alininong'oneza siku moja, macho yanamng'aa. "Sikiliza inavyopumua." Mngurumo ulipokwisha akarudi ndani amekunja uso. "Atakufa yule," akasema, akachukua bisibisi yake.

Desturi ya rangi ilianza na lori lililoungua njia ya Nyabibuye, kabla sijaanza kazi hii. Bomba lilipasuka mlimani, mafuta yakarukia tabo iliyokuwa nyekundu kwa joto, na dereva hakuwahi kushuka. Mara ya kwanza aliponisimulia, fundi alisema kuna mtu aliikaza ile skrubu baada yake, na mjane alipokuja gereji kuuliza ni nani, yeye hakuwa na cha kumwonesha. Ndiyo maana akaanza kupaka rangi. Mara ya pili tulikuwa kwa mama lishe tunakula samaki wa mgebuka. Alisimulia kisa kilekile, akafika katikati akasema, "Tulipoikaza, dereva, ilivuta, ilivuta mpaka mimi nikacheka." Nikasubiri aendelee. Akaomba chumvi. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nampenda, nikaliacha neno hilo, tulipoikaza, lipite.

Mwaka 2015 kambi ya Nduta ilifunguliwa tena kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na kila kilichokuwa na magurudumu kikaitwa kazini. Nguzo, mabati, mahindi, kuni. Tajiri alitaka lori libebe kuliko zamani na liwahi kuliko zamani. Tukaenda naye gereji.

"Fundi, magari ya wenzangu yanapanda, langu linatambaa. Ongeza."

"Limefika, mzee."

"Ongeza kidogo tu."

"Ukiongeza, huyu uliyemkalisha juu yake hutamwona," fundi akasema, akaninyooshea kile kidole kifupi.

Tajiri hakukasirika. Alikuwa mtu wa kutabasamu. "Sawa. Kuna fundi mgeni Kibondo ananiambia injini ile inaweza zaidi ya hapo, ila wewe imekushinda. Anasema unaogopa geji yako mwenyewe." Akaaga vizuri, akaondoka. Fundi alichukua tambara akajifuta mikono, na aliendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Nikamwambia asimsikilize. Akasema, "Ego, ndiyo, simsikilizi," lakini alikuwa anaiangalia injini.

Baada ya hapo mama yangu alifariki, nikaenda kumzika Heru Juu, nikakaa huko na ndugu zangu. Lori aliachiwa dereva mwingine wa tajiri. Niliporudi niliinua kabini kama nilivyozoea, nikaangalia nati. Damu ya mzee ilikuwa pale, nzima, haina hata ufa. Nikafunga kabini nikaingia kazini na moyo mweupe.

Na lori likavuta! Sikuamini. Ule mlima wa kutoka Malagarasi ambao nilikuwa naupanda nikiomba Mungu, sasa naumaliza huku naimba. Tajiri aliniambia amebadilisha filta. Nikamshukuru. Niliona mshale wa joto unapanda zaidi ya zamani, nikasema ni kiangazi. Nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu, nilihitaji kitu kimoja kiende vizuri, na hicho kilikuwa kinakwenda.

Asubuhi niliyomkuta fundi Kibondo nilikuwa nimeshusha nguzo na kupakia maharage, najiandaa kurudi Kasulu. Mama Edita na mtoto walikuwa wamekuja kumwona dada yake aliyejifungua, na tulipatana turudi pamoja. Nikiwa nafunga turubai nikamwona fundi upande wa pili wa stendi, juu ya begi lake, koti la suti na vumbi lake. Nilifurahi kama nimemwona ndugu.

"Fundi! Unasubiri nini na gari lako ni hili? Panda twende."

"Kuna basi linakuja."

"Basi lipi?"

Hakulitaja. Alikuwa amepanda na mimi mara nyingi, lori langu lilikuwa moja ya yale aliyoyaamini, na nilikuwa nikijivunia hilo mbele ya wenzangu. Nikamtania kwamba sasa amekuwa mtu wa mabasi, ametuacha sisi wa malori. Hakucheka.

"Linavuta?" akauliza polepole.

"Linavuta, fundi! Mlima wa Malagarasi naumaliza na gia ya nne."

"Joto je?"

"Linapanda kidogo. Jua hili."

Akatazama viatu vyake. Nilidhani anaumwa. Nikamwambia kama ni homa aende hospitali kwanza, akasema si homa, niende salama. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake, niende salama, na mimi nikampa mkono nikamuaga.

Mama Edita akafika, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi mkononi. Akampungia fundi, fundi akainua mkono. Nikampokea mtoto, nikampandisha, mama yake akapanda akampakata, na kucha zake zile zikashika ukingo wa dirisha. Nikawasha. Moshi mweusi ukatoka, na kupitia moshi ule nikamwona fundi anakuja mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alisimama mbele ya lori, akaweka viganja vyote viwili kwenye pua ya gari kana kwamba ataweza kulizuia.

"Zima, dereva! Zima! Shemeji, shuka na mtoto!"

Nikazima. Tukashuka. Watu wa stendi wakaanza kusogea.

"Fundi, kuna nini?"

"Presha. Imekazwa."

"Na nani? Mbona rangi ni nzima? Nimeiona kwa macho yangu."

"Na mimi."

Nilisikia vizuri ila sikuelewa. Akarudia, bila kunitazama. Alisema tajiri alirudi gereji nilipokuwa msibani, akaliacha lori pale mchana kutwa, akaondoka. Hakumlazimisha, wala hakumwahidi kitu. Alisema tu tena kwamba imemshinda.

"Nikataka kuisikia," fundi akasema. "Mara moja tu, kisha niirudishe. Nikaikaza. Ikaimba, dereva. Tajiri akaja akaisikia, akaichukua."

Mama Edita alikuwa ameanza kuangalia kucha zake. "Ukapaka rangi yangu?"

"Ndiyo, shemeji. Chupa ilikuwa rafuni."

Fundi alifungua begi, akatoa geji iliyoviringishwa kwenye taulo, na tukainua kabini palepale stendi. Alipoifunga, tukawasha na mimi nikavuta waya wa mafuta kwa mkono, mshale uliruka ule mstari mwekundu ukaenda mbali upande wa pili. Akanyanyua kipande cha boksi akakipitisha kando ya mabomba, moja baada ya moja. Kwenye bomba lililo juu ya tabo, boksi likachorwa mstari mwembamba wa mafuta. Fundi aliligeuza boksi haraka, lakini nilikuwa nimeshaona, na mke wangu pia. Bomba lilikuwa limeanza kupasuka, mahali hasa ambapo angekaa yeye na mtoto.

Alikwenda madukani akarudi na bomba jingine, akalifunga. Akalegeza nati, damu ya mzee ikapasuka na kumwagika vipande vipande kama ganda la yai, akaanza kurudisha skrubu taratibu. Hapo ndipo Mama Edita aliposema. Hakupaza sauti.

"Fundi. Angekuwa peke yake, ungemwambia?"

Spana ilisimama. Niliangalia mgongo wa koti lile nikisubiri aseme ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, nami ningeamini, kwa kuwa nilitaka kuamini. Spana ikaanza tena kuzunguka. Mke wangu alimbeba mtoto, akachukua ndizi zake, akaenda kutafuta basi, na hakugeuka nyuma.

Fundi alipomaliza nilimwambia apande. Safari hii hakukataa. Akapanda akakaa pale Mama Edita alipokuwa amekaa, begi mapajani, na tukatoka Kibondo mwendo wa mguu. Kushuka Malagarasi, kuvuka, kupanda upande wa pili na gia ya pili, malori ya wenzangu yananipita yakipiga honi. Mimi nilikuwa nalisubiri lile jibu kila kilima, na kila kilima nilijiambia labda analipanga. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa juu ya mkono wa mtu huyu. Nilimpenda, nasema wazi, na mpaka leo nampenda, na sijamsamehe.

Tulifika Kasulu alasiri. Nikasimama nyuma ya soko. Aliingia gereji, akatoka na chupa ya rangi, imebaki kidogo chini, plasta yenye jina la mke wangu ikiwa bado imeshika.

"Mrudishie shemeji. Mwambie aipake yeye mwenyewe kwenye nati. Mimi sipaki tena."

Nikaipokea. Alisimama pale mlangoni, mkono ule wa kidole kifupi kwenye bati.

"Lile swali lake," akasema. "Nilikuona tangu unapakia maharage. Nilikuwa nimeshajiambia, atafika tu huyu, siku zote anafika, nitamfuata kwa basi niirudishe skrubu taratibu pasipo mtu kujua." Akaondoa mkono kwenye bati. "Nisingekwambia, dereva. Ningekuacha uende."

Nilitia chupa mfukoni, nikapanda, nikawasha, nikakaa kidogo kabla ya kuondoka nikiisikiliza injini, kama alivyonifundisha.